Vifuko vya Waba: Kutoka Kilwa ya 1859 hadi Hadubini ya Calcutta

Mwezi wa Februari mwaka 1859, kaskazi ikivuma na vyombo vya Arabuni vikishuka pwani kwa desturi yao ya kila mwaka, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliokuwa wamerejea punde kutoka safari ndefu ya bara iliyowafikisha Ziwa Tanganyika, walipanda chombo wakaelekea kusini, nia yao ikiwa kuichunguza delta ya Mto Rufiji na kuitazama Kilwa, ambayo wakati ule, baada ya adhama ya Kilwa Kisiwani kufifia, ilikuwa imehamishia biashara yake ng'ambo, huko Kivinje, mahali palipokuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe na watumwa itokayo Ziwa Nyasa. Rufiji hawakuichunguza. Waliikuta nchi ya kusini imeshikwa na kipindupindu, maradhi ambayo wazee wa pwani waliyaita waba, na ambayo yalikuwa yamekwisha kupita Arabuni, Unguja na Pemba kabla ya kuishukia miji ya mrima na kuiacha karibu mahame. Mabaharia wa chombo chao walikufa karibu wote, wa kushika nafasi zao hawakupatikana, na mwanzo wa Machi wageni wale wakarudi Unguja mikono mitupu.

Burton alikuwa mtu wa dharau nyingi kwa watu wa pwani hii, na msomaji wa leo hawezi kuvisoma vitabu vyake pasi na kuudhika. Walakini aliyoyaona ufukoni Kilwa aliyaandika kwa tafsili ambayo hakuna mwingine aliyetuachia, na kwa sababu hiyo yafaa tumsikilize. Maiti zililala makorongoni, na nyingine zilikutwa zimeegemea kuta za forodha, palepale ambapo ushuru wa pembe na wa roho za watu ulikuwa ukihesabiwa. Maskini walikokotwa kwa mguu mmoja mchangani hadi penye maji yanayokupwa, wakatupwa humo; wenye nafuu kidogo walishonewa jamvi, wakabebwa mpaka pale pale. Viungo vya wanadamu vilitapakaa pwani. Katika mji wa Kiislamu, ambako maiti huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na kustiriwa ardhini mapema iwezekanavyo, na ambako hata maskini wa mwisho hakosi jirani wa kumchimbia kaburi, habari hizi zaonyesha ukubwa wa msiba kuliko hesabu yoyote ya wafu ambayo ingaliweza kuandikwa.

Wala haukuwa mwanzo wake, wala mwisho. Tabibu wa Kiskoti aliyekaa Unguja, James Christie, alichapisha London mwaka 1876 kitabu juu ya magonjwa ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki, akifuatia nyayo za maradhi hayo tangu 1821 hadi 1872, na kazi yake ni ya thamani kubwa kwa kuwa aliwauliza mabaharia, wafanyabiashara na viongozi wa misafara, akaunganisha maneno yao mpaka njia ya ugonjwa ikadhihirika. Kwa hesabu yake, waba wa 1869 haukuja kwa bahari kama uliotangulia, bali ulipita nchi ya Wamasai, ukashuka Pangani, ukaingia Unguja, na kutoka hapo ukachukuliwa na vyombo. Kilwa haikusalimika mara hii pia. Christie alikwisha kuelewa kwamba biashara yenyewe, kwa kuwakusanya watu wengi wenye njaa katika mabanda machafu na kuwasafirisha chini ya sitaha, ndiyo iliyoyatengenezea maradhi makao na miguu ya kutembelea.

Yaliyompata mtu wa Kivinje katika siku hizo twaweza kuyaeleza leo kwa yakini. Alikunywa maji ya kisima kifupi kilichoingiwa na kinyesi cha mgonjwa. Baada ya saa chache au siku chache tumbo lilifunguka, likatoa maji meupe bila maumivu makubwa, kisha matapishi, kisha maji tena, hata lita nzima kwa saa moja. Macho yakadidimia, sauti ikakauka, ngozi ya vidole ikakunjamana, misuli ya miguu ikashikwa na mkakamao, na aliyeonekana mzima alfajiri akawa maiti kabla ya magharibi. Kati ya wanaoshikwa vibaya wasipate tiba, takriban nusu hufa. Kinachowaua ni kuishiwa maji na chumvi tu, na ndiyo sababu wakitibiwa ipasavyo hafi hata mmoja katika 100.

Lakini ni nini hasa kinachoamrisha matumbo kuyamwaga maji ya mwili? Swali hili, ambalo lingeweza kuulizwa na mtoto yeyote aliyeketi karibu na mama yake Kivinje usiku ule, lilichukua miaka 100 kamili kupata jibu. Miaka mitano kabla ya waba wa Kilwa, yaani 1854, Mtaliano Filippo Pacini alikwisha kukiona kwa hadubini kijidudu kilichopinda ndani ya matumbo ya wafu wa Florence, na mwaka huohuo John Snow alikwisha kuonyesha London kwamba maradhi hufuata maji. Ila wakuu wa tiba wa Ulaya, waliokuwa wameshika itikadi ya hewa chafu, hawakuwasikiliza, na Pacini alikufa kabla ya kupata heshima yake. Robert Koch alikipata tena kijidudu hicho mwaka 1883 na 1884, kwanza Misri kisha Calcutta, na tangu hapo hapakuwa na shaka juu ya mkosaji. Shaka ilibaki juu ya silaha yake. Koch alidhani iko sumu. Wengi waliitafuta, wakaikosa, maana waliitafuta katika mizoga ya vijidudu na katika damu ya wanyama.

Aliyeipata ni Mhindi, Sambhu Nath De, katika mji uleule wa Calcutta, ambako kipindupindu kilikuwa mkaazi wa kudumu na wala si mgeni wa msimu. Vyombo vyake vilikuwa duni kuliko vya maabara za Ulaya, lakini fikira yake ilikuwa safi: alimpasua sungura, akaufunga utumbo wake kwa uzi sehemu mbili ili kipande cha katikati kiwe chumba kilichozibwa, akatia humo alichotaka kukijaribu, akasubiri hadi kesho yake kuona kama chumba kimejaa maji. Kisha akatenda jambo ambalo hakuna aliyelifikiria kwa uthabiti huo. Aliwaotesha vijidudu katika mchuzi, akauchuja mchuzi mpaka kisibaki ndani yake kijidudu hata kimoja, akautia mchuzi mtupu katika utumbo wa sungura. Na utumbo ukavimba kwa maji kama kawaida. Ilikuwa 1959. Kwa hiyo kinachoua hakikuwa mwili wa kijidudu, bali kitu kilichotoka ndani yake na kuachwa nje. De hakupata Tuzo ya Nobel, akafariki mwaka 1985, na naona ni dhuluma ambayo historia ya ilmu haijailipa bado, kwa sababu maelfu kwa maelfu ya watu wa Asia na Afrika wako hai kwa kuwa yeye aliuliza swali lililo sawa.

Miaka minane baada ya De, katika mji huohuo, wanasayansi wawili, S. N. Chatterjee na J. Das, waliwaweka vijidudu vya kipindupindu chini ya hadubini ya elektroni, wakaona kwamba utando wa nje wa kijidudu hautulii. Kijidudu hiki ni cha jamii ya bakteria wenye tando mbili, mmoja ndani na mmoja nje, na baina yake ukuta mwembamba. Na pale ambapo utando wa nje umeachana na ukuta, hutuna, hujaa kama tone la maji kwenye mdomo wa mtungi, kisha hukatika na kwenda zake, umefunga ndani yake sehemu ya majimaji yaliyokuwa baina ya tando mbili. Kinachozaliwa ni kifuko cha mviringo, kisicho na uwezo wa kuzaa wala kukua, ambacho kipenyo chake ni kati ya nanomita 20 na 250 hivi, nanomita 1,000,000 zikiwa milimita moja. Watafiti wengine walikuwa wamekwisha kupata dalili za jambo hili katika bakteria wa matumbo miaka miwili mitatu kabla, lakini makala ya Calcutta ya 1967 ni miongoni mwa shahada za mwanzo zilizo wazi, nayo ilitoka kwa kijidudu kilekile kilichoufanya ufuko wa Kilwa kuwa makaburi.

Ajabu ya majira ni kwamba mwaka uleule wa 1967, huko Uingereza, Peter Wolf alikuwa akichunguza maji ya damu ya binadamu yaliyoondolewa chembe zake zote, akakuta kwamba chembe bapa zinazogandisha damu zilikuwa zimeacha nyuma yake vipande vidogo mno, vya mafuta, vyenye nguvu ya kuanzisha kuganda. Aliviita vumbi. Jina hilo ladhihirisha namna walimwengu walivyoyatazama mambo haya kwa muda mrefu, maana aghalabu kitu kilichotoka nje ya seli kilihesabiwa kuwa taka au alama ya kuchakaa, na hakuna aliyetaka kupoteza umri wake akichunguza mabaki. Hata Rose Johnstone wa Montreal, ambaye mwaka 1983 yeye na wenzake walizifuatilia chembe changa za damu ya kondoo na kuziona zikitoa nje, ndani ya vifuko vidogo, vipokezi vya chuma ambavyo chembe nyekundu ikikomaa haivihitaji tena, alikuwa akieleza namna seli inavyofukuza kilichokwisha kazi. Kundi jingine la St. Louis, likitumia damu ya panya, liliona jambo lilelile mwaka huo. Johnstone alivipa vifuko vyake mwaka 1987 jina la eksosomu, na kwa miaka kadhaa wachache mno walijali.

Mageuzi yalikuja polepole. Mwaka 1996 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba seli za kinga hutoa vifuko vyenye uwezo wa kuziamsha seli nyingine za kinga. Mwaka 2007 wenzao wa Gothenburg, Sweden, wakaonyesha kwamba vifuko vya seli ya panya vikiingia katika seli ya mwanadamu huchukua maagizo ya urithi, na seli iliyopokea hutengeneza protini za panya kwa kuyafuata maagizo hayo. Hapo ulimwengu wa ilmu ulishtuka. Ikawa dhahiri kwamba seli husemezana kwa vifuko, tena pande zote za uhai: seli ya saratani hulainisha mahali inapotaka kuhamia, maziwa ya mama humfikishia mtoto vifuko vya mama, na hata vimelea vya malaria, ambayo kwa watu wa Lindi ni maradhi ya kila masika, hutumia njia hii. Mwaka 2013 makundi mawili, kila moja kwa kazi yake, yalieleza kwamba chembe nyekundu iliyoingiwa na vimelea hutoa vifuko vinavyopokelewa na chembe nyingine zenye vimelea, na kwamba habari hizo huvisukuma vimelea kugeuka kuwa vile vya dume na jike, ambavyo ndivyo mbu huvifyonza ili avipeleke kwa mtu mwingine.

Turudi kwa waba, kwa maana hapa ndipo mambo mawili yanapokutana. Sumu ya De, ambayo wataalamu waliichambua baadaye, ina sehemu sita: tano zinashika sukari iliyomo juu ya ukuta wa utumbo, na moja huingia ndani na kuufungua mlango wa chumvi, ukabaki wazi, na maji hufuata chumvi inapokwenda. Sehemu kubwa ya sumu hii kijidudu huitoa peke yake kwa njia maalumu. Lakini sehemu nyingine hutoka imefungwa katika vifuko vya utando, na iliyofungwa hivyo haivunjwi upesi na vimeng'enyo vya matumbo, na huweza kuingizwa katika seli za utumbo pamoja na kifuko chenyewe. Kijidudu kina faida nyingine zaidi ya hiyo. Katika maji ya milango ya mito, kama ile ya Rufiji na Lukuledi, ambako maji matamu hukutana na ya bahari na kijidudu huishi miaka kwa miaka kimeng'ang'ania magamba ya wadudu wadogo wa majini bila kumdhuru mtu, wako virusi wanaowinda bakteria. Na mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba virusi hao, wakikutana na vifuko vyenye ngozi ileile ya kijidudu, huvishambulia vifuko na kupotea humo, kijidudu kikaokoka.

Lakini ngozi inayomhadaa adui yaweza pia kumfundisha rafiki. Kifuko cha bakteria kina sura yote ya nje ya bakteria, sukari na protini zake katika mpangilio wake wa asili, wala hakina uwezo wa kuzaa. Na kinga ya mwili ikikiona hujifunza sura ya adui bila ya kukabiliwa na adui mwenyewe. Cuba na Norway walitangulia katika miaka ya 1980 kutengeneza chanjo za namna hii dhidi ya homa ya uti wa mgongo ya aina B, ambayo chanjo za kawaida zilishindwa nayo kwa sababu sukari ya kijidudu hicho hufanana mno na ya ubongo wa binadamu. New Zealand ilitumia chanjo yake ya vifuko tangu 2004 kuzima mlipuko uliokuwa ukiwaua watoto, na baadaye, mwaka 2017, watafiti wa huko wakagundua jambo lisilotazamiwa: vijana waliochanjwa walipata kisonono kwa uchache wa takriban sehemu 31 katika 100. Kwa upande wa kipindupindu, mwaka 2008 wataalamu wa Boston waliwachanja panya majike kwa vifuko vya kijidudu hicho, na watoto waliozaliwa na majike hao, ambao wenyewe hawakuchanjwa, wakakingika. Ni matokeo mazuri. Nayo ni ya panya.

Pwani yetu wakati huohuo ilikuwa ikijaribu njia ya zamani zaidi. Mwezi wa Januari na Februari 2009, Unguja na Pemba, ilitolewa chanjo ya kunywa yenye vijidudu vizima vilivyouawa pamoja na ile sehemu ya sumu inayoshika ukuta wa utumbo lakini isiyodhuru, na wananchi zaidi ya 23,000 walikunywa dozi zote mbili. Ulipokuja mlipuko, hesabu ilionyesha kwamba waliochanjwa kamili walikingika kwa kadiri ya 79 katika 100, na hata majirani zao wasiochanjwa walipata nafuu. Visiwa ambavyo Burton alivitaja miongoni mwa mahali waba ulipopita kabla ya kuishukia Kilwa, vimeipa dunia mojawapo ya shahada zilizo bora za chanjo ya kipindupindu katika Afrika. Jambo hili lastahili kufundishwa katika skuli zetu zote za pwani, kwa jina la mahali na kwa tarehe yake.

Sina budi kusema pia juu ya biashara iliyofuata ilmu hii, kwa kuwa haikukawia. Yako matumizi ya kweli ya vifuko vya seli katika tiba: Marekani kipo kipimo cha mkojo kinachosoma vifuko vilivyotoka katika tezi dume ili kumsaidia tabibu kuamua kama mgonjwa apasuliwe kipande cha kuchunguzwa au la, na wataalamu wa dunia, tangu 2014, wamekuwa wakitoa kanuni za namna ya kuvitenga na kuvipima vifuko ili mtu asitangaze alichokiona pasi na ushahidi. Lakini kandoni mwao wamezuka wauzaji wa sindano na mafuta ya eksosomu, wanaoahidi kurudisha ujana, nywele na nguvu za magoti. Mwishoni mwa mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu wake baada ya wagonjwa waliodungwa bidhaa hizo kupata madhara, ikaeleza kwamba hapakuwa hata na moja iliyoidhinishwa. Anayetangaziwa tiba hizo Dar es Salaam, Mombasa au Dubai asimpe mtu fedha yake, seuze mshipa wake.

Kipindupindu chenyewe kilirudi Tanzania katika zama zetu. Wimbi la saba la dunia, lililoanzia Indonesia mwaka 1961, liliingia Afrika mwaka 1970. Tanzania ikatoa taarifa ya wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1974, na tangu mlipuko mkubwa wa 1977 maradhi hayajaondoka moja kwa moja. Mwezi wa Agosti 2015 yalianza upya Dar es Salaam, yakaenea mikoa mingi na visiwani. Kijidudu ni kile kile, vifuko ni vile vile, na delta za kusini ni zile zile. Tofauti ni kwamba tunajua. Tangu mwisho wa miaka ya 1960, kwa kazi iliyofanywa Dhaka na kisha katika kambi za wakimbizi wa Bengal mwaka 1971, tunajua kwamba utumbo unaomwaga maji bado waweza kuyavuta maji ndani ikiwa chumvi na sukari vimekwenda pamoja.

Ombi langu ni kwa vijana wa Kilwa na Lindi walioko vyuoni: muichague ilmu hii na kuirudisha nyumbani, kwa kuwa maji ya milango ya mito yenu yana vijidudu na vifuko vyake ambavyo hakuna aliye na haki ya kuvichunguza zaidi yenu. Na kwa wazazi: chanjo ya vifuko vya kipindupindu haijafika bado katika zahanati zetu. Mpaka itakapofika, maji ya kunywa yachemshwe, na anayeharisha aanze kunyweshwa palepale nyumbani lita 1 ya maji safi yenye vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kidogo kidogo bila kukoma, huku safari ya kwenda hospitali ikiandaliwa.